Simu Zilizoanza kwa Salamu

Haji Faki tulimzika Gando baada ya sala ya adhuhuri. Siku ya tatu, hitima ilipokwisha kusomwa na masinia ya ubwabwa kuondolewa, binti yake Asha alinifuata barazani akanipa bahasha. "Ami Saidi," alisema, "baba kasema hii yako, nikupe mkononi. Kasema kuisoma unajua." Ndani mlikuwa na karatasi moja ya daftari, imejaa herufi kubwa za kalamu ya risasi zilizopangwa tano tano. Hazikutamkika, wala hazikuwa na maana kwa mtu yeyote pale barazani ila mimi. Mkono ulioziandika ulizibonyeza sana, hata kwa nyuma ya karatasi zilihisika kwa kidole. Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa kanzu, nikaomba radhi kwamba miguu inaniuma, nikaondoka. Miguu haikuwa ikiuma.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinilea. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, 1962, mwaka uliotangulia ule ambao Mwingereza alishusha bendera yake, nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nikiwa karani wa simu mjini Wete, Pemba. Wewe kijana unayesoma, usione haya kama hujui karani wa simu ni nani. Simu niisemayo haikuwa ya sauti. Mtu aliandika maneno yake katika fomu, karani akayagonga kwa kidole juu ya kifaa cha chuma, nukta na vistari, nayo yakaruka hewani mpaka Unguja, na kutoka Unguja yakaenda popote duniani. Tukiiita simu ya upepo. Chumba chetu kilikuwa kidogo, kina dirisha moja lililotazama uwanja wa kuanikia karafuu, na msimu ukiwa mzuri harufu iliingia mpaka kwenye wino. Meza zilikuwa mbili. Moja yangu, na moja ya mkubwa wangu, Mzee Khatibu, aliyekalia mto wa sufi alioshonewa na mkewe kwa sababu ya mgongo.

Mzee Khatibu ndiye aliyenifundisha yote niliyoyajua, mema na yale mengine. Wakati wa vita vikuu alikuwa Mombasa, katika nyumba moja iliyotazama bahari, ambamo wanamaji wa Kiingereza walikaa na vyombo masikioni wakinasa simu za Wajapani kutoka hewani. Kazi yake ilikuwa kuchukua makaratasi kutoka chumba cha wasikilizaji na kuyapeleka chumba cha wafumbuaji, na kurudi. Miaka ile hakuwahi kusema neno, lakini mimi nilikuwa msaidizi wake kwa mwaka wa pili sasa, na mchana tukila pamoja, muhogo wa kuchemsha na pweza wa kukaanga kutoka kwa mkewe, aliachia kidogo kidogo. "Watu hudhani kuna mtu aliiba kitabu cha siri," aliniambia siku moja, akitenga miba isiyokuwapo kwenye pweza, ndiyo tabia yake. "Hakuna kitabu. Wale mabwana walikaa wakatazama. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa Kijapani, kila simu yake ilianza kwa cheo chote cha bwana wake, neno kwa neno, kila asubuhi. Basi ukishajua maneno ya mwanzo yasema nini, umeshika mlango. Nyumba nzima utaingia." Nikamwuliza, kwa nini hakuacha vile vyeo? Akacheka. "Amwandikie bwana wake bila heshima? Aliuzwa na adabu yake, yakhe."

Siku nyingine nilimwuliza kama habari zile zilizamisha meli nyingi. Akatikisa kichwa, akasema meli ni kidogo. Jambo hili nililielewa vizuri baada ya miaka, siri zilipofunguliwa na vitabu kuandikwa, na nitalieleza polepole kwa sababu ndilo shina la kisa changu. Anayesoma barua za mwenzake kazi yake kubwa haiko vitani, iko mezani. Mataifa mawili yakikaa kupatana, kila moja huja na mambo mawili: lile linaloliomba kwa sauti, na lile dogo ambalo likibanwa litalikubali. La kwanza husemwa mkutanoni. La pili huandikwa katika simu za siri. Ukilijua la pili, huna haja ya kutoa la kwanza. Wakubwa wa vita vile walijua balozi wa rafiki yao ameambiwa nini na balozi wa adui ameambiwa nini, na urafiki na uadui wao waliupanga hapo. "Vita vilipokwisha," Mzee Khatibu alisema, "tuliapishwa tusiseme. Mimi mchukuzi wa makaratasi, niliapishwa." Nikamwuliza kwa nini, nao adui wamekwisha kushindwa? Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali zuri. "Kwani weye wadhani waliacha kusoma?"

Nilipanga chumba kwa Bi Mize, mama yake Haji Faki, nyuma ya soko. Haji na mimi tulilala chumba kimoja, vitanda viwili vya kamba na sanduku katikati, juu ya sanduku taa na vitabu vyake. Alikuwa mwalimu wa skuli, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake, na alikuwa katibu wa jumuiya ya wakulima wa karafuu. Asubuhi Bi Mize alitupikia uji wa mtama na mkate wa kumimina, akakaa kwenye kibao mlangoni akihakikisha tumekula. "Saidi mwanangu, huyo mwenzio anakula maneno, weye kula chakula." Mwaka ule jumuiya ilichangishana ikapeleka wazee wawili London, kwenye mazungumzo ya mambo yatakavyokuwa Mwingereza akiondoka. Waliomba mawili. Pemba iwe na bandari ya kupeleka karafuu yake nje moja kwa moja, ipatane na nchi za nje yenyewe. Na iwe na baraza lake lenye nguvu ya kukataa. Kwa vile simu za wazee wale zilipita mikononi mwa serikali, Haji alitunga maandishi ya siri. Alichora jedwali, kila herufi ikabadilishwa kwa nyingine, na kila Ijumaa jedwali likabadilika. Walilijua wanne tu: wazee wawili, Haji mwenyewe, na Shaame.

Shaame alikuwa mtu wa Kojani, mpana wa mabega, mwenye sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka chombo kimoja hadi kingine. Alikuwa tarishi wa jumuiya. Simu ikifika aliichukua dirishani kwangu, akaipeleka skuli kwa Haji, na Haji akiwa darasani Shaame aliifumbua mwenyewe akawasomea wanakamati. Kila akija alisalimu chumba kizima, mimi, Mzee Khatibu, na nadhani na vyombo. "Assalaam aleikum! Upepo umeleta nini leo?" Mzee Khatibu akimjibu, "Waaleikum salaam, umeleta kelele za Kojani." Na wote watatu tulicheka.

Sikuambiwa na mtu nifumbue simu zile. Huu ndio ukweli, na nimeusogeza mbali na mimi kwa miaka zaidi ya hamsini. Mchana mmoja mvua ilikatiza kazi, na nakala za simu tatu za jumuiya, kila moja ya juma lake, zilikuwa mezani kwangu zikingoja kutiwa jaladani, na nikaona. Kila moja ilikuwa na jedwali lake, herufi zake mbali, lakini katika kila moja herufi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba zilikuwa herufi moja. Ya nne ilirudi tena ya nane. Ya sita ilirudi tena ya kumi na mbili. Nilikumbuka yule Mjapani na vyeo vya bwana wake. Nikajiuliza, Mpemba hawezi kuanza maneno yoyote kwa wazee wake bila kitu gani? Nikaandika chini yake ASALAMALEKUM, herufi kwa herufi, nayo ikakaa kama mguu katika kiatu chake. Mvua ilipokatika nilikuwa nimesoma simu yote. Haji alikuwa akiwaambia wazee: ombeni bandari na baraza, mkibanwa iacheni bandari, mkibanwa zaidi kubalini baraza la kushauri tu, lakini msirudi mikono mitupu.

Nilimwonesha Mzee Khatibu kama mwanafunzi anavyoonesha ubao wake kwa mwalimu. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hebu choma," alisema. Nikadhani anatania. "Choma, Saidi, sasa hivi, na usahau." Nikaichoma katika kopo la majivu, naye akalisukuma dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Kuchoma karatasi ni rahisi.

Juma la pili alikuja mkaguzi, Mzungu kutoka Unguja, mwenye Kiswahili kilichonyooka cha kitabuni. Alipekua daftari la simu, akasimama kwenye kurasa za jumuiya. "Hizi zinapita kwenu kila siku, na hakuna hata mmoja hapa anayejua zinasema nini?" Mzee Khatibu alisema, "Kazi yetu kupeleka, bwana. Si kusoma." Mkaguzi akatabasamu, tabasamu la kusema angejuaje karani wa Wete. Hilo tabasamu ndilo lililonishinda. Si fedha, hakunipa hata senti. Si hofu, hakunitisha. Nilitaka ajue kwamba mtu mweusi katika chumba chenye harufu ya karafuu amefanya peke yake kile ambacho wao walikifanya na nyumba nzima Mombasa. "Mimi najua," nikasema. Nikachukua kalamu yake, nikamwonesha. Salamu kwanza, nilimweleza kwa upole, kama ninavyokueleza wewe, hatua kwa hatua, nikimtia moyo alipochelewa kufahamu. Alinipiga bega. "Hodari sana, kijana." Mzee Khatibu alikuwa ameinama juu ya mto wake wa sufi akitengeneza uzi ambao haukukatika. Toka siku ile alikula muhogo wake nje.

Kila simu ya jumuiya ikanakiliwa mara mbili baada ya hapo, nakala moja ilikokuwa ikienda na moja, iliyokwisha kufumbuliwa, katika bahasha ya kwenda Unguja. Nilijaribu kujitakasa, na namna niliyojaribu inanitia aibu kuliko kosa lenyewe. Jioni moja tunakula ndizi za nazi kwa Bi Mize, nikasema kama mtu anayewaza tu, "Haji, hizo simu zenu, kwa nini mtie salamu? Si maneno bure?" Haji aliweka tonge chini akacheka mpaka akakohoa. "Weye ushakuwa Mzungu? Niwaandikie wazee wangu 'fanya hivi, fanya vile,' bila hata kuwasalimu, kama nachunga ng'ombe?" Na Bi Mize kutoka kibao chake, "Saidi, usimfundishe mwenzio utovu wa adabu nyumbani kwangu." Nikaomba radhi. Nikachukua ndizi nyingine. Ningeweza kusema maneno manne zaidi, na sikuyasema.

Wazee walirudi kabla ya msimu wa vuli, wamekonda. Waliiambia kamati kwamba kule mezani wale mabwana hawakuhangaika hata kubishana. Bandari iliombwa, wakageuza ukurasa. Baraza lenye nguvu liliombwa, wakageuza ukurasa. Ndipo mmoja wao, kwa adabu kubwa, akawauliza wazee kama baraza la kushauri tu lingewafaa. Maneno yenyewe, kwa mpango ule ule. "Walikuwa wakitusoma," alisema mzee mmoja. Kamati ikapima: si wao wawili waliouza, walikuwa London. Si Haji, alilia mbele ya kamati mpaka akashikwa mabega. Akabaki mmoja aliyelijua jedwali, Shaame, naye aliapa mbele yao kwamba hakulitoa, wasimwamini.

Wapemba hawana haja ya kumpiga mtu. Shaame alisusiwa. Nilikuwa barazani kwa muuza kahawa alipokuja siku ya kwanza baada ya uamuzi ule, akasimama, akasema kwa sauti yake ile ya Kojani, "Assalaam aleikum." Walikuwako watu kumi na zaidi, watu wa sala tano, wanaojua kwamba kuitikia salamu ni faradhi. Hakuna aliyeitika. Walitazama vikombe vyao. Akarudia, polepole zaidi, kama anayedhani hawakusikia. Haji alikuwa ameketi karibu yangu, goti lake limegusa langu, naye aligeuza uso ukutani. Shaame akanitazama mimi. Nilikuwa mtu pekee katika baraza ile niliyejua kwamba anastahili jibu. Nikatazama kikombe changu. Mkewe alipofariki mwaka ule ule, alizikwa na watu wa nyumba yake na majirani watatu. Shaame akamchukua mtoto wao wa kike wa miaka miwili akahamia kusini, Mtambile, ambako watu hawakumjua sana, naye huko akafa kitambo. Mimi mwezi ule nilipata barua ya kwenda Nairobi kwa masomo ya juu ya simu. Bi Mize alinitengenezea mkate wa njiani. Haji alinisindikiza mpaka gatini akanikumbatia, akasema, "Angalau weye umebaki wa kuaminiwa."

Mara nyingi nimesikia wasomi wakisema kwamba bandari ile, au baraza lile, lisingebadilisha kitu, kwamba yaliyokuja yangekuja tu. Huenda. Sijui, na sitaki kukudanganya. Najua tu kwamba nchi nyingi ndogo zilikaa kwenye meza kubwa miaka ile zikidhani zimefunga midomo, na waliokaa upande wa pili walikuwa wamekwisha kusoma, na wakatabasamu. Na kwamba katika meza moja niliyoijua, aliyewasomea alikuwa mimi.

Karatasi ya Haji ilinichukua siku tisa. Nilianza kama nilivyoanza zamani: nikaweka salamu chini ya herufi kumi na mbili za kwanza. Haikukaa. Nikasogeza, nikageuza, nikadhani macho yamekwisha. Siku ya nne nikakumbuka jambo ambalo Asha aliniambia aliponipa bahasha, nami sikulitilia maanani. Alisema mwaka jana baba yake alikuwa akimfundisha mjukuu maandishi yale kwa mchezo, akimwonesha simu za zamani, na mtoto akauliza, "Babu, mbona kila moja inaanza sawasawa?" Haji alinyanyuka, akaingia chumbani, na siku ile hakula. Alikuwa akiyakumbuka maneno yangu juu ya ndizi za nazi, bila shaka. Nani angeweza kujua kuna salamu ndani ya simu zile ila aliyezisoma? Basi nikaacha kutafuta salamu. Nikahesabu herufi moja moja, ile inayorudi mara nyingi nikaiita A, kwa kuwa Kiswahili hakiendi bila A, nikajenga kutoka hapo. Siku ya tisa ikafunguka. Haikuwa na assalaam aleikum. Haikuwa na jina langu. Ilisema: NI WEYE. SHAAME ALISEMA KWELI NAMI NIKAMGEUZIA USO. BINTI YAKE, JINA LAKE TIME, ANA DUKA MTAMBILE. MIE NIMESHINDWA KUMTAZAMA. NENDA WEYE.

Nilikwenda Alhamisi. Duka ni dogo, la unga na mafuta na sabuni, liko karibu na njia panda, na mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa na mabega ya baba yake. "Hodi," nikasema. "Karibu, mzee wangu. Assalaam aleikum." Nikaitikia. Akaniuliza hali yangu, nikajibu. Hali ya watoto. Hali ya njia. Akauliza kama nimepata chai, akaniwekea kiti cha plastiki kivulini, akauliza tena hali yangu kwa kuwa sasa nimeketi. Nikaitikia zote, moja moja, na sikuwahi kusikia salamu ndefu kama zile. Kisha nikamwambia. Nilimweleza tangu mvua ile mpaka kikombe cha kahawa, polepole, bila kuruka. Alikuwa akipima sukari katika mifuko midogo, na hakuacha kupima. Nilipofika kwa mama yake aliyezikwa na majirani watatu, aliufunga mfuko aliokuwa nao, akauweka pamoja na mingine.

"Baba alikuwa akisema atakuja mtu," alisema. "Kila Ramadhani, tukifuturu, alisema hivyo. Mimi nilidhani ni uzee."

Nikanyanyuka, kiti kikabaki kimeegemea ukuta. Mlangoni nikageuka, nikasema assalaam aleikum, kwa sauti ya kutosha.

Alikuwa akitazama sukari. Nikasubiri kidogo, kama Shaame alivyosubiri, kisha nikashika njia.